Sonja Henie

Sonja Henie (Kristiania, 8 Aprili 1912 – 12 Oktoba 1969) alikuwa mchezaji wa kuteleza kwenye barafu kwa mitindo na mwigizaji wa filamu kutoka nchini Norwei, ambaye mwaka 1941 alipata uraia wa Marekani. Alishinda medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mara tatu mfululizo (1928, 1932 na 1936), ubingwa wa dunia mara kumi mfululizo (1927 hadi 1936) na ubingwa wa Ulaya mara sita mfululizo (1931 hadi 1936). Hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda mataji mengi kiasi hicho ya Olimpiki na ya dunia katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja.

Baada ya kuacha mashindano alihamia Hollywood, akawa mmoja wa waigizaji waliolipwa vizuri zaidi wa wakati wake. Pia aliendesha maonyesho makubwa ya barafu yaliyozunguka miji ya Marekani. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa wanamichezo wa kwanza waliojulikana duniani kote tangu utotoni, na waliogeuza umaarufu huo kuwa biashara. Hata hivyo, jina lake limebaki na doa kutokana na uhusiano wake na viongozi wa Ujerumani ya Kinazi katika miaka ya 1930.

## Mchezo wenyewe

Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, mchezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli na kufanya mizunguko, miruko na hatua za dansi juu ya barafu huku muziki ukipigwa. Mshindi hapatikani kwa saa wala kwa mabao, bali kwa alama zinazotolewa na majaji.

Wakati wa Henie mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, ile ya maumbo ya lazima, mchezaji alichora duara na maumbo mengine kwa chuma cha kiatu chake, kisha majaji wakakagua mistari iliyobaki kwenye barafu. Sehemu hii ilibeba zaidi ya nusu ya alama zote. Katika sehemu ya pili kila mchezaji alionyesha mchezo aliojitungia. Ni sehemu hii ya pili iliyowavutia watazamaji, na ndiyo iliyompa Henie umaarufu wake.

## Familia na utoto

Henie alizaliwa mjini Kristiania, mji mkuu wa Norwei ambao tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo. Baba yake, Wilhelm Henie, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nguo za manyoya. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mwanamichezo, kwani mwaka 1894 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli. Mama yake aliitwa Selma Lochmann-Nielsen. Sonja alikuwa na kaka mmoja aliyeitwa Leif.

Watoto wote wawili walihimizwa kucheza michezo tangu wakiwa wadogo. Sonja alijifunza kuteleza kwenye theluji, kuogelea, kupanda farasi na tenisi, lakini barafu ndiyo iliyomvuta kuliko yote. Alifanya mazoezi katika uwanja wa Frogner mjini Oslo. Pamoja na hayo alifundishwa dansi ya baleti, na alivutiwa sana na mchezaji baleti wa Kirusi Anna Pavlova. Akiwa na umri wa takriban miaka kumi alishinda ubingwa wa Norwei wa wanawake.

Baada ya hapo maisha ya familia nzima yalianza kumzunguka mtoto huyo. Masomo yake yalisimamiwa na walimu wa nyumbani ili apate nafasi ya mazoezi na safari. Baba alilipia makocha bora waliopatikana, akiwemo Mmarekani Howard Nicholson, na mafunzo ya baleti mjini London. Baadaye wazazi waliiacha biashara ya manyoya mikononi mwa Leif, wakawa wanasafiri na binti yao kila alikokwenda. Mama alimtunza, na baba alipanga safari, mashindano na mazungumzo yote ya fedha.

## Olimpiki ya Chamonix, 1924

Henie alishiriki kwa mara ya kwanza katika mashindano makubwa ya kimataifa mjini Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Mashindano hayo yalitambuliwa baadaye kuwa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi. Alikuwa na umri wa miaka 11. Inaelezwa kwamba katikati ya mchezo wake alikwenda hadi pembeni mwa uwanja kumwuliza kocha wake afanye nini baada ya hapo.

Wanawake waliocheza walikuwa wanane, naye akashika nafasi ya nane. Mshindi alikuwa Herma Szabo wa Austria.

Hata hivyo watazamaji walimkumbuka. Kwa kuwa alikuwa mtoto, aliruhusiwa kuvaa gauni fupi lililofika magotini, wakati wanawake wazima walicheza wakiwa na sketi ndefu na nzito. Gauni hilo lilimpa uhuru wa kuruka, kuchuchumaa na kuzunguka kwa namna ambayo wapinzani wake wakubwa hawakuweza. Hakuliacha mtindo huo alipokua, na baada ya miaka michache wanawake wengine walianza kumwiga.

## Ubingwa wa dunia wa mwaka 1927

Katika mashindano ya dunia ya mwaka 1926 mjini Stockholm, Henie alishika nafasi ya pili nyuma ya Szabo. Mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Oslo, nyumbani kwake, na Henie, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alitangazwa bingwa.

Matokeo hayo yalizua mabishano makubwa. Majaji walikuwa watano, na watatu kati yao walikuwa Wanorwei. Hao watatu walimpa Henie nafasi ya kwanza, wakati majaji wawili waliobaki, Mwaustria na Mjerumani, walimpa Szabo. Szabo alikuwa ameshinda mashindano ya dunia mara tano mfululizo kabla ya siku hiyo. Baada ya matokeo hayo aliachana na mashindano ya mchezaji mmoja mmoja.

Kutokana na lawama hizo, Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu lilibadilisha kanuni, na kila nchi ikaruhusiwa kuwa na jaji mmoja tu katika shindano moja. Kanuni hiyo haikumzuia Henie kuendelea kushinda. Alitetea taji lake la dunia mjini London (1928), Budapest (1929), New York (1930), Berlin (1931), Montreal (1932), Stockholm (1933), Oslo (1934), Vienna (1935) na Paris (1936), mara zote mbele ya majaji waliochaguliwa kwa kanuni mpya.

## Medali tatu za dhahabu

Mwaka 1928 Henie alishinda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki mjini St. Moritz, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 15. Alibaki bingwa mdogo kuliko wote wa mashindano ya mchezaji mmoja mmoja hadi mwaka 1998, Mmarekani Tara Lipinski alipovunja rekodi hiyo. Mchezo wake wa St. Moritz ulitungwa kama dansi ya jukwaani, ambapo miruko na mizunguko ilifuata muziki. Kabla yake wachezaji wengi walionyesha mbinu moja baada ya nyingine bila kuziunganisha.

Mwaka 1932 alishinda tena mjini Lake Placid, Marekani. Mara zote mbili medali ya fedha ilikwenda kwa Fritzi Burger wa Austria. Katika michezo ya Lake Placid walikuwepo pia wasichana wawili wa Uingereza, Cecilia Colledge na Megan Taylor, wote wakiwa na umri wa miaka 11, umri uleule aliokuwa nao Henie kule Chamonix. Njia aliyoifungua ilikuwa imeanza kufuatwa. Vilabu na wazazi walikuwa wakitafuta watoto wadogo wenye kipaji na kuwatayarisha mapema kwa mashindano ya watu wazima.

Miaka minne baadaye, mjini Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, Colledge alikuwa na umri wa miaka 15 na alikuwa mpinzani wa kweli. Baada ya maumbo ya lazima tofauti kati yao ilikuwa ndogo sana. Inasimuliwa kwamba Henie alipoyaona matokeo hayo yamebandikwa ukutani, aliichana karatasi kwa hasira. Alishinda katika sehemu ya mchezo huru na kupata dhahabu yake ya tatu, Colledge akapata fedha na Vivi-Anne Hultén wa Uswidi shaba. Muda mfupi baadaye Henie alishinda taji lake la kumi la dunia mjini Paris, kisha akaacha mashindano ya ridhaa. Alikuwa bado hajatimiza miaka 24.

Pamoja na mafanikio hayo ya peke yake, alikuwa bingwa wa Norwei katika mchezo wa wawili wawili akishirikiana na Arne Lie, kuanzia mwaka 1926 hadi 1928.

## Umaarufu na fedha wakati wa ridhaa

Katika miaka ya 1930 Henie alikuwa akialikwa kufanya maonyesho katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Katika miji kama Prague na New York polisi walihitajika kuzuia umati wa mashabiki. Magazeti yaliandika juu ya nguo zake, safari zake na marafiki zake, hata siku ambazo hakuwa na mashindano. Wasichana walitaka sketi fupi na viatu vyeupe kama vyake, wakati hapo awali viatu vyeusi vilikuwa vya kawaida.

Kanuni za wakati huo zilikataza mchezaji wa ridhaa kupokea malipo kwa kucheza. Aliyelipwa alipoteza haki ya kushiriki Olimpiki. Hata hivyo ilijulikana na wengi kwamba Wilhelm Henie alidai kiasi kikubwa cha fedha kwa jina la gharama za safari kabla binti yake hajakanyaga barafu ya mji wowote. Viwanja vililipa kwa sababu jina la Henie lilijaza viti, na viongozi wa mchezo hawakumchukulia hatua.

Hali hiyo ilionyesha ugumu wa kanuni za ridhaa. Mafunzo ya bingwa yaligharimu fedha nyingi, kwa hiyo mtoto wa familia maskini hakuwa na njia rahisi ya kufika juu. Kwa upande mwingine waandaaji waliuza tiketi kwa jina la mchezaji ambaye kwa kanuni hakutakiwa kupata chochote. Familia ya Henie ilikuwa na uwezo wa kulipia mwanzo, na baadaye ikawa na nguvu ya kudai sehemu yake.

## Uhusiano na Ujerumani ya Kinazi

Henie alicheza mara nyingi nchini Ujerumani na alikuwa na mashabiki wengi huko. Mwaka 1936, katika onyesho mjini Berlin muda mfupi kabla ya Olimpiki, alimsalimu Adolf Hitler kwa saluti ya Kinazi. Magazeti ya Norwei yalimlaani vikali. Katika michezo ya Garmisch-Partenkirchen hakurudia saluti hiyo, lakini baadaye alikubali mwaliko wa kula chakula cha mchana na Hitler katika makazi yake ya milimani karibu na Berchtesgaden. Huko alipewa picha ya Hitler yenye sahihi.

Mwezi Aprili 1940 Ujerumani iliivamia Norwei na kuikalia hadi Mei 1945. Kwa mujibu wa masimulizi yanayorudiwa katika vitabu vya maisha yake, picha hiyo iliwekwa mahali pa wazi katika nyumba ya familia, na askari wa Ujerumani hawakuigusa nyumba hiyo wala mali yake. Wakati huo Henie aliishi Marekani. Alishiriki katika shughuli za kuwaburudisha wanajeshi wa Marekani, lakini Wanorwei wengi walimlaumu kwa kutojitokeza waziwazi kuunga mkono mapambano ya nchi yake dhidi ya wavamizi. Kwa watu waliopoteza ndugu au kufungwa, ukimya wa mtu maarufu kuliko wote wa taifa lao haukuwa jambo dogo.

Wanaomtetea husema kwamba hakuwa mtu wa siasa, na kwamba katika miaka ile watu wengi maarufu walikubali mialiko ya viongozi wa Ujerumani. Wanaomlaumu hujibu kwamba alijua thamani ya jina lake na alilitumia kila lilipomletea faida, hivyo hakuweza kudai kwamba saluti yake haikuwa na maana. Suala hilo bado linajadiliwa nchini Norwei.

## Hollywood

Mara baada ya kuacha ridhaa mwaka 1936, Henie alikwenda Marekani akiwa na lengo la kuwa nyota wa filamu. Familia ilikodi uwanja wa barafu mjini Los Angeles na kuandaa onyesho ambalo wakubwa wa Hollywood walialikwa kulitazama. Darryl F. Zanuck, mkuu wa kampuni ya 20th Century Fox, alivutiwa naye. Henie hakuridhika na nafasi ndogo ya kucheza barafu ndani ya filamu ya mtu mwingine, akataka kuwa mwigizaji mkuu. Alipata mkataba wa muda mrefu.

Filamu yake ya kwanza ya Hollywood, One in a Million, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1936 na kupata mafanikio makubwa. Baba yake alifariki mwaka 1937, lakini Henie alikuwa amejifunza kwake namna ya kujadiliana kuhusu fedha, na tangu hapo alizisimamia shughuli zake mwenyewe kwa ukali. Katika orodha ya kila mwaka ya nyota waliowavuta watazamaji wengi zaidi kwenye majumba ya sinema nchini Marekani, alishika nafasi ya 8 mwaka 1937, ya 3 mwaka 1938 na ya 10 mwaka 1939.

Filamu zake zilifuata mpango uleule: hadithi nyepesi ya mapenzi, vichekesho, muziki, na sehemu ndefu za kuteleza kwenye barafu. Wahakiki hawakumsifu kwa uigizaji, ila watazamaji walimpenda. Filamu yake inayokumbukwa zaidi ni Sun Valley Serenade ya mwaka 1941, ambayo ilikuwa na bendi ya Glenn Miller. Sehemu yake ya mwisho ilichezwa juu ya barafu iliyotiwa rangi nyeusi ili ing'ae kama kioo.

## Maonyesho ya barafu

Chanzo kikubwa cha utajiri wake kilikuwa maonyesho yaliyozunguka miji ya Marekani. Akishirikiana na mfanyabiashara Arthur Wirtz wa Chicago, aliongoza onyesho lililoitwa Hollywood Ice Revue, ambalo lilijaza kumbi kubwa kama Madison Square Garden ya New York. Huko hapakuwa na majaji wala maumbo ya lazima. Palikuwa na taa, nguo za kumetameta, kundi la wasichana waliocheza kwa pamoja, na Henie katikati. Maonyesho hayo yaliwapa ajira wachezaji wengi ambao hapo awali hawakuwa na namna ya kuishi kwa mchezo huo.

Jina lake liliuza bidhaa pia. Kampuni ya Madame Alexander ilitengeneza mwanasesere wa Sonja Henie aliyevaa gauni fupi na viatu vya kuteleza, na watoto wengi wa Marekani walimjua kwa mwanasesere huyo. Kwa njia hiyo umaarufu wake uliingia katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kuona uwanja wa barafu.

Ushirikiano na Wirtz ulivunjika mwaka 1950 kwa sababu ya fedha. Henie aliamua kuandaa maonyesho yake mwenyewe, hali Wirtz akimtumia Barbara Ann Scott wa Kanada, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1948. Mashindano kati ya maonyesho hayo mawili yalimgharimu Henie sana. Mwezi Machi 1952 jukwaa la watazamaji lilianguka mjini Baltimore kabla ya onyesho lake kuanza, na watu zaidi ya 200 waliumia. Kesi za madai zilifuata na kampuni yake ilishindwa kuendelea.

Mwaka 1953 alijiunga na onyesho la Holiday on Ice katika safari ya Ulaya, na akacheza pia mjini Oslo. Kulikuwa na wasiwasi kuhusu namna Wanorwei wangempokea baada ya vita, lakini watu walijitokeza kwa wingi kumtazama. Mwaka 1956 ziara ya Amerika Kusini ilikwenda vibaya. Wakati huo unywaji wa pombe ulikuwa umeanza kuathiri kazi yake. Aliacha maonyesho ya kuzunguka mwaka huohuo.

## Ndoa na miaka ya mwisho

Henie aliolewa mara tatu. Mume wa kwanza alikuwa Dan Topping (1940-1946), Mmarekani ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya New York Yankees. Wa pili alikuwa Winthrop Gardiner (1949-1956). Mwaka 1956 aliolewa na Niels Onstad, Mnorwei tajiri mwenye kampuni ya meli, ambaye aliishi naye hadi kufa kwake. Hakuwa na watoto.

Pamoja na Onstad alikusanya michoro ya kisasa, zikiwemo kazi za Henri Matisse, Pablo Picasso na Joan Miró. Wawili hao waliitoa hazina hiyo kwa umma na kugharamia ujenzi wa kituo cha sanaa huko Høvikodden, katika wilaya ya Bærum karibu na Oslo. Kituo hicho, kiitwacho Henie Onstad Kunstsenter, kilifunguliwa mwezi Agosti 1968.

Katikati ya miaka ya 1960 Henie aligundulika kuwa na saratani ya damu. Tarehe 12 Oktoba 1969 alifariki ndani ya ndege akiwa safarini kutoka Paris kwenda Oslo kutibiwa. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alizikwa kwenye kilima kinachotazama kituo cha sanaa cha Høvikodden, na Onstad, aliyefariki mwaka 1978, alizikwa hapohapo.

## Heshima na urithi

Mwaka 1938 Henie alitunukiwa nishani ya Mtakatifu Olav na mfalme wa Norwei. Mwaka huohuo alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kinorwei, ambacho kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1940 kwa jina la Wings on My Feet. Ana nyota katika Njia ya Umaarufu ya Hollywood, na mwaka 1976 aliingizwa katika kundi la kwanza la Ukumbi wa Umaarufu wa Dunia wa Kuteleza kwa Mitindo.

Mwaka 1985 kaka yake Leif, akishirikiana na mwandishi Raymond Strait, alitoa kitabu kilichomwonyesha kwa sura tofauti, kama mtu mkali, mpenda fedha na mwepesi wa kugombana na watu wa karibu. Kwa kuwa ndugu hao walikuwa wamegombana, wasomaji hawakukubaliana kuhusu uzito wa kukipa kitabu hicho. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya Kinorwei kuhusu maisha yake, iliyoongozwa na Anne Sewitsky, na Ine Marie Wilmann akaigiza kama Henie.

Katika mchezo wenyewe, mabadiliko aliyoleta yamekuwa jambo la kawaida: sketi fupi, viatu vyeupe, na mchezo unaotungwa kwa kufuata muziki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Umbo la maisha yake nalo limejirudia mara nyingi katika michezo mingine inayochezwa na wasichana wadogo mbele ya majaji, kama vile mazoezi ya viungo na ushangiliaji wa mashindano nchini Marekani. Humo pia hupatikana wazazi wanaoacha kazi zao ili wamfuate mtoto, nguo zinazoigwa na mashabiki wa umri uleule, na jina linalouza bidhaa kabla mwenyewe hajawa mtu mzima. Henie alifanikiwa katika hayo yote kuliko wengi waliomfuata, na vizazi vya baadaye vimeendelea kupima pamoja medali zake na matendo yake ya mwaka 1936.

## Filamu alizoigiza

- Syv dager for Elisabeth (1927)
- One in a Million (1936)
- Thin Ice (1937)
- Happy Landing (1938)
- My Lucky Star (1938)
- Second Fiddle (1939)
- Everything Happens at Night (1939)
- Sun Valley Serenade (1941)
- Iceland (1942)
- Wintertime (1943)
- It's a Pleasure (1945)
- The Countess of Monte Cristo (1948)
- Hello London (1958)